Nafaka Iliyochipuzwa: Sehemu ya Ng'ombe, Sehemu ya Kuku na Sehemu ya Mtoto

Huenda ukashangaa kunisikia mimi, muuguzi, nikizungumzia chakula cha ng'ombe, kazi ambayo ni ya afisa wa mifugo. Usizime redio. Maziwa anayokunywa mtoto wako yametoka kwa huyo ng'ombe. Yai unalomchemshia limetoka kwa huyo kuku. Mnyama akila kitu kizuri, mtoto hufaidika, na mnyama akila kitu kibaya, mtoto hapati onyo.

Mada yetu ya leo ni nafaka iliyochipuzwa. Nafaka hiyo hulowekwa maji, ikaachwa ikaota, kisha mifugo hupewa ikiwa mbichi, pamoja na mizizi yake. Katika miaka ya 2010 jambo hili lilienea sana hapa Kenya. Kulikuwa na watu waliouza trei za aluminiamu na vibanda vidogo vya kuoteshea, wakiahidi kwamba kilo moja ya shayiri itakupa kilo saba za malisho kwa siku saba, bila shamba na bila udongo. Mpaka leo akina mama wa vikundi huniuliza pale kliniki, "Sista, ni kweli?" Huwa nawajibu kwamba ni kweli kwenye mizani, lakini mizani haikuambii kila kitu.

Hebu tuanze na punje yenyewe. Punje ya nafaka ni kama ghala dogo lililofungwa. Ndani yake kuna wanga, protini kidogo, mafuta kidogo na madini, vyote vimewekwa akiba kwa ajili ya mche utakaozaliwa. Maji yakiingia, ghala hufunguka. Vimeng'enya vinaamka na kuanza kuvunja ule wanga kuwa sukari, ndiyo maana ukitafuna punje iliyoota siku mbili utasikia utamu ambao haukuwapo mwanzo. Vitamini huongezeka pia. Jani likishaona mwanga na kuwa kijani, hutengeneza ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini E na C nazo hupanda. Na kuna kitu kiitwacho faiteti, ambacho hushikilia madini kama chuma na zinki yasitumike vizuri mwilini. Punje ikiota, faiteti hupungua.

Hayo ndiyo mazuri yake, na ni ya kweli. Sasa sikiliza upande wa pili. Mche unaokua hula akiba iliyomo ndani ya punje. Hauna mbolea, hauna udongo, una maji tu na mwanga kidogo. Kwa hiyo kila siku inayopita, sehemu fulani ya ule wanga huteketea ili mche upate nguvu ya kukua. Zile kilo saba unazopima siku ya saba, sehemu kubwa ni maji. Tuseme umechukua gorogoro moja ya shayiri, kama kilo 2. Baada ya wiki utapata kama kilo 14 za malisho ya kijani, mazuri ya kupendeza. Ukiyakausha yote, utabaki na kilo 2 hazijafika. Chakula hakikuongezeka, bali kilipungua kidogo na kubadilika sura. Wauzaji watakuambia protini imepanda. Imepanda kwa asilimia kwa sababu wanga umepungua, lakini protini yenyewe ni karibu ile ile iliyokuwa ndani ya gorogoro.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kwa siku, ukihesabu bila maji. Gorogoro yako imempa chini ya mbili. Kwa hiyo usidanganyike kwamba utamlisha kwa trei peke yake. Atajaa maji tumboni, kinyesi kitalegea, na maziwa yatapungua. Mimi huwaambia akina mama hivi: kwa ng'ombe, nafaka iliyochipuzwa ni mboga, siyo ugali. Ugali wake ni nyasi, nepia, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa vizuri, majani ya viazi vitamu na malisho mengine unayoyajua. Ukiwa na nepia ya kijani mwaka mzima, trei hizo hazitakuongezea kitu kikubwa. Afadhali pesa hizo ununue chumvi ya madini. Lakini kiangazi kikikaza na ng'ombe akawa anakula mabua makavu tu miezi miwili au mitatu, kilo chache za kijani kila siku humsaidia. Humrudishia ile karotini anayokosa, na hamu yake ya kula yale mabua huongezeka.

Wapo watakaoniuliza kwa nini muuguzi ajali maziwa ya kiangazi. Ni kwa sababu katika sehemu za wafugaji, maziwa yakikauka ndipo watoto wanapoanza kukonda. Huko Ethiopia, katika maeneo ya wafugaji Wasomali, mwaka wa 2010 na 2011 kulifanywa jaribio la kuwapa malisho mifugo wachache wa kukamwa walioachwa karibu na nyumbani wakati wa kiangazi. Hayakuwa malisho ya kuchipuzwa. Lakini ilionekana kwamba mnyama akilishwa, maziwa yaliendelea kupatikana, watoto wadogo waliyanywa, na uzito wao haukuporomoka kama ilivyozoeleka. Hapa kwetu, ukame wa kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 ulikuwa na misimu mitano ya mvua iliyokosa, na mifugo zaidi ya milioni mbili wakafa. Kila aliyefanya kazi kliniki wakati huo, akiwapima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, anajua maziwa yakiisha nyumbani kunakuwa namna gani.

Sasa tumtazame kuku, kwa maana kuku hufaidika zaidi kuliko ng'ombe. Sababu ni tumbo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana lile tumbo kubwa la kucheua, na ndani yake wanaishi vijidudu wengi wanaofanya kazi ile ile ya kuchipua: wanavunja faiteti, wanatengeneza vitamini za kundi B. Kwa hiyo kumchipuzia ng'ombe nafaka ni kama kumtafunia chakula mtu mwenye meno. Kuku hana tumbo hilo. Kuku aliyefungiwa, asiyepata majani ya kudonoa, akipewa nafaka iliyoota siku nne au tano hupata kijani, na kiini cha yai huanza kuwa cha manjano iliyokolea. Wape kiasi watakachokimaliza kwa muda mfupi, usiache kibaki kimelala kwenye kinyesi. Na wasikose chakula chao cha kawaida, kwa sababu kuku wa mayai anahitaji protini na chokaa ambazo chipukizi hazitoshi kumpa.

Na mtoto wako, mama, kwa habari ya tumbo ni ndugu ya kuku, siyo ya ng'ombe. Usicheke. Naye hana vijidudu wa kumvunjia faiteti. Ndiyo maana bibi zetu walichipua wimbi kabla ya kusaga unga wa uji, na hawakusoma popote. Nitarudi hapo baada ya kuzungumzia jambo lililonifanya nichague mada hii.

Jambo hilo ni ukungu.

Joto, unyevu na nafaka vikikutana mahali pamoja, ukungu huja. Trei ya chipukizi ina vyote vitatu. Na mara nyingi mtu anayeanza kazi hii hachukui nafaka nzuri. Anachukua yale mahindi yaliyonyeshewa, yaliyogeuka rangi, ambayo familia imekataa kula, akisema, "Haya ni ya ng'ombe." Mama, mahindi yaliyooza siyo ya ng'ombe. Siyo ya kuku pia, wala ya mbwa, wala ya kutengeneza busaa.

Kuna ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Wengi wetu tunaikumbuka. Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika kama zilivyoitwa wakati ule, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki. Mahindi mengi yalikuwa ya shambani mwao wenyewe, yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Sumu ile hushambulia ini. Ikiwa nyingi, mtu hugeuka manjano machoni, hutapika, tumbo huvimba, na anaweza kufa. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini.

Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini, sehemu yake hupita kwenye damu na kutokea kwenye maziwa. Haichukui wiki. Ndani ya siku moja tu inaweza kuonekana katika maziwa unayokamua. Maziwa hayabadiliki rangi, hayanuki, hayagandi vibaya. Na hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini: kuchemsha hakuondoi sumu hii. Maziwa tunayachemsha, na lazima tuendelee kuyachemsha, kwa sababu ya vijidudu vya kifua kikuu na homa ya ng'ombe. Vijidudu hufa kwenye moto. Aflatoksini haifi, kwa sababu haikuwa hai. Mama anayenyonyesha naye akila mahindi yenye sumu, humpitishia mtoto kwa njia hiyo hiyo. Kunyonyesha usiache hata kidogo. Acha yale mahindi.

Uko ukungu mwingine unaopenda hasa nafaka iliyochipuzwa. Huko Afrika Kusini na Australia, madaktari wa mifugo wameeleza juu ya ng'ombe waliokula chipukizi zenye ukungu huo wakaanza kutetemeka, miguu ya nyuma ikakosa nguvu, wakaanguka, na wengine wakafa. Hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa huo. Ukiona ng'ombe wako anatetemeka baada ya kula malisho ya trei, yaondoe yote mara moja na umwite daktari wa mifugo.

Basi ukitaka kuchipua, fanya hivi. Anza na nafaka nzima, safi, ya msimu wa karibuni, isiyotobolewa na fukusi. Punje iliyovunjika haioti, huoza, na huozesha jirani zake. Usichukue kamwe mbegu ya kupanda iliyopakwa dawa ya rangi nyekundu, waridi au kijani. Hiyo ni sumu kwa mnyama na kwa mtu, hata ukiiosha mara kumi. Mtama pia usichipue kwa mifugo, kwa sababu chipukizi change za mtama zina sumu ya sianidi, ile ile inayoua ng'ombe wanapoingia katika shamba la mtama mchanga. Shayiri ndiyo inayokubali zaidi. Ngano na mahindi pia yanaweza.

Osha nafaka, toa zinazoelea. Ziloweke kwa nusu saa katika maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha Jik kwa kila lita, kisha suuza vizuri mpaka harufu iishe. Loweka tena katika maji safi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, ziweke katika gunia safi lenye unyevu kwa siku moja au mbili mpaka mizizi ichungulie. Halafu tandaza kwenye trei iliyotobolewa chini, unene wa kidole kimoja ukikilaza, usizidishe. Trei ikae kivulini, penye hewa. Nyunyiza maji safi mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na uhakikishe yanatoka chini. Trei inayotuama maji ni ya ukungu. Siku ya saba au ya nane utakuwa na mkeka wa kijani wenye urefu wa kiganja. Wewe uliye sehemu ya joto kama Kitui, Garissa au Pwani, usingoje siku ya nane. Vuna siku ya sita, kwa sababu joto huharakisha mche, na ukungu nao huharakishwa zaidi.

Wengi huogopa wakiona vinywele vyeupe kwenye mizizi siku ya tatu. Hivyo siyo ukungu. Vinywele vya mizizi vimeizunguka mizizi sawasawa kama brashi, vikinyunyiziwa maji hulala visionekane, na trei hunukia kama tango lililokatwa. Ukungu ni kama utando wa buibui, hutambaa kutoka punje moja hadi nyingine, huwa wa kijivu, kijani au mweusi, na hunuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Ukigusa chini, punje zinateleza. Ukiona hivyo, usikate kile kipande na kumpa ng'ombe kilichobaki. Ukungu unaouona ni ule uliochanua tu. Funga kitambaa puani na mdomoni, chukua mkeka wote ukauzike, usiutupe mahali kuku wanapochakura. Sugua trei kwa sabuni, kisha maji ya Jik, na uianike juani mpaka ikauke kabisa. Ikiwa ng'ombe alikuwa ameshakula, badilisha chakula siku hiyo hiyo. Sumu katika maziwa hushuka katika siku chache zinazofuata, na katika siku hizo maziwa yake yasinywewe na mtoto, mama mjamzito wala mtu mwingine, wala usimuuzie jirani. Najua ni hasara. Ni hasara ndogo kuliko ya ini la mtoto.

Sasa turudi kwa uji. Ukiwa na gorogoro moja tu ya nafaka nzuri na mtoto wa miezi tisa anayekataa kula, sehemu kidogo ya kuchipua iende kwake kwanza. Tatizo la uji wa mtoto mdogo ni kwamba ukiupika mzito, hawezi kuumeza. Ukiuongeza maji, anashiba maji. Kimea hutatua jambo hilo kwa wale vimeng'enya niliowataja. Loweka punje za wimbi usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili au tatu, ukizisuuza asubuhi na jioni. Vimizizi vikitokea, zianike juani mpaka zikauke kabisa, pukuta vile vimizizi na chipukizi, kisha saga. Pika uji wako wa kawaida uwe mzito. Uepue, uache upoe kidogo usichome sana, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, koroga. Utaona uji unalegea mbele ya macho yako bila kuongeza tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena dakika chache, ili vijidudu vilivyokua wakati wa kuchipua vife. Mtoto sasa anameza chakula kizito katika sura nyepesi. Anza mtoto akishatimiza miezi sita, huku ukiendelea kunyonyesha, na uutajirishe uji huo kwa maziwa, karanga zilizosagwa au yai.

Usimpe mtoto ule mkeka wa kijani wa trei, wala chipukizi mbichi za aina yoyote. Na kwa kimea cha mtoto tumia wimbi, uache mtama.

Kuna swali lililoulizwa na mama mmoja kikundini: je, mabaki ya kimea, vile vimizizi vilivyopukutwa, vitupwe? La, ikiwa vimekauka na havina ukungu, wape kuku. Watavimaliza kabla hujarudi ndani.

Mama, mlezi, ukiwa na trei tayari nyumbani, leo jioni ichukue uinuse chini, siyo juu. Na kama una gunia la mahindi usiloliamini, mwombe mhudumu wa afya ya jamii au afisa wa kilimo akuelekeze mahali pa kupimisha unyevu. Mahindi ya kuweka ghalani yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5. Wiki ijayo tutaendelea na maziwa: namna ya kuyachemsha, kuyahifadhi bila friji, na chombo gani usikitumie. Kwaheri kwa sasa.